Gia Yenye Dole Gumba Langu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Sisemi hivyo kwa majivuno, nasema kwa sababu nimeona. Nimeona kundi la nyuki likihamia ndani ya spika ya msikiti, muadhini akaadhini kwa koo lake mwenyewe wiki nzima na watu wakasema sauti imekuwa nzuri zaidi. Nimeona treni ikisimama porini kwa ajili ya ng'ombe mmoja mwenye kiburi, abiria wakashuka kumbembeleza. Shule niliiacha darasa la tano, au tuseme tuliachana kwa amani, na leo waliomaliza wananiomba lifti. Nilianza na ndoo moja ya asali, nayo ya kuazima. Sasa hivi ukiuliza asali Tabora mjini, mtoto wa miaka mitatu atakunyooshea kidole upande wa barabara ya Kipalapala, kwangu, kwenye geti la bluu.

Kwa hiyo uelewe nilikuwa mtu wa namna gani siku ile ya mwezi wa sita mashine yangu ya kukamulia asali ilipong'oka meno.

Mashine yenyewe ni pipa la chuma linalozunguka. Fremu za asali, yaani miraba ya mbao ambamo nyuki hujenga masega, unazisimamisha ndani, unawasha mota, pipa linazunguka kwa kasi, asali inaruka nje ya masega na kutiririka chini. Uzuri wake ni kwamba sega halivunjiki. Fremu inarudi mzingani ikiwa nzima, nyuki wanaanza kujaza upya badala ya kuhangaika kujenga. Katika mji huu mzima mashine ya aina hiyo ninayo mimi tu, na jambo hilo sikulificha. Nililisema sokoni, nililisema misibani, na nililisema Ulyankulu, mbele ya kikundi cha akina mama wafugaji nyuki wenye asili ya Burundi, nikawaahidi: leteni fremu zenu Jumatano, Jumamosi mnaondoka nazo zikiwa tupu na safi.

Wakaleta lori zima. Jumatano hiyohiyo, fremu za kwanza zikiwa ndani ya pipa, nikasikia kraa, kisha mota ikawa inanguruma peke yake kama mtu anayegombana na ukuta. Nikafungua. Ile gia nyeupe ya plastiki inayounganisha mota na pipa ilikuwa imepoteza meno matatu.

Fundi wa vyuma akaniambia gia kama ile ni ya kuagiza nje, nisubiri wiki kadhaa. Wiki! Maua ya miombo yalikuwa bado yako mitini, nyuki wa akina mama wale wako kazini, hawana pa kuweka asali. Nyuki akikosa nafasi hasubiri, anafunga virago. Na mimi ndiye niliyetoa ahadi. Kiongozi wa kikundi, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ndogo, hakunilaumu. Alisema tu kwamba wamekuja na mablanketi, watalala kwa dada yake hapo mjini mpaka Jumamosi. Ile sauti ndogo ilinikalia shingoni kuliko matusi.

Ndipo kinyozi wangu akanieleza habari za mwanamke mmoja karibu na stesheni, amemfuata mume wake aliyehamishiwa huku kikazi, ana mashine inayotengeneza vitu. Vitu gani? Vitu vyovyote, akasema. Yeye kinyozi amemtengenezea mpini wa kiti chake cha kunyolea. Nikamwambia kinyozi hilo halinishangazi.

Sasa mimi sipendi kwenda kwa fundi na kitu kilichovunjika, kama ombaomba. Nilichukua nta safi, nikaipasha, nikaumba meno yale matatu kwa mikono yangu mwenyewe na kuyabandika mahali pake. Mfugaji nyuki yeyote hufanya hivyo. Ufa wa mzinga ni nta, kamba inayochanika ni nta, mlango unaolia ni nta. Yalitoka mazuri mno, nikamwonyesha kila aliyekuwepo uani. Nikaitia gia mfuko wa shati, nikapanda pikipiki, jua la saa saba likanisindikiza mpaka mjini.

Kile kiduka kilikuwa chumba kimoja chenye feni. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani imekaa juu ya kilemba. Nilipotaja shida yangu akauliza mimi kabila gani. Mnyamwezi, nikasema, wa hapahapa. Akavua miwani. Yeye ni Mzaramo.

Basi ikawa imeisha. Msomaji asiyejua utani wetu na watu wa pwani ni wa tangu lini, aulize wazee wake. Wapagazi wa Unyamwezi waliteremka na mizigo mpaka kwao, wakagombania maji, wakazikana, wakawa watani. Shikamoo yangu niliyostahili kwa umri sikuipata.

"Mpagazi," akasema, "safari hii umebeba nini?"

Nikamwambia nimebeba kazi, kama anajua kazi ni nini, maana kwao nasikia ni jina la ngoma. Akacheka mpaka akashika meza. Nikaongeza kwamba asihangaike kunionyesha maajabu, mimi hakuna kinachonishangaza.

"Nikikushangaza?"

"Nitoze faini."

"Elfu kumi. Na mtani hapunguziwi."

Tukagonga mikono. Kisha akanieleza mashine yake, na mimi nitakueleza kama nilivyoelewa, na nilielewa yote.

Inaitwa printa ya 3D. Usifikirie ile ya kutoa karatasi. Kwanza panatakiwa mchoro, lakini mchoro wenye tumbo na mgongo, kitu kizima kimo ndani ya kompyuta na unaweza kukigeuza kama unavyogeuza embe sokoni. Halafu kompyuta inaukata mchoro huo vipande vyembamba, kama kitunguu cha kachumbari. Kisha printa inavijenga kimoja kimoja kuanzia chini. Pembeni kuna rola ya uzi wa plastiki. Uzi unaingia kwenye kijipua cha moto, kimdomo chembamba cha chuma, unayeyuka, na kile kijipua kinatembea juu ya meza ndogo kikichora kipande cha kwanza. Kinaganda. Kijipua kinapanda juu unene wa unywele, kinachora cha pili juu ya cha kwanza, na cha tatu juu ya cha pili, mpaka kitu kinasimama. Hakuna kinachochongwa wala kutupwa. Fundi wa vyuma anatoa mpaka kibaki kitu, hii inaongeza mpaka kiwe kitu.

Nikamwambia hiyo ninaijua. Bibi yangu alikuwa anajenga chungu kwa pindi za udongo, moja juu ya nyingine, hivyohivyo, na mashine yake ilikuwa na vidole kumi. Mtani akakubali kwamba ndiyo yenyewe. Nikaona nimekwishaokoa elfu kumi yangu.

Akasema ataanza na gia ya majaribio kwa uzi mweupe, ambao ni wa bei nafuu kwa kuwa umetokana na mahindi. Nikamuuliza mahindi gani, ya Nzega? Akasema mahindi ni mahindi, unga wake unageuzwa kiwandani unakuwa plastiki. Sikushangaa. Nilitikisa kichwa tu kwa kumhurumia mtu anayechezea ugali. Lakini gia yenyewe ya kazi, akaendelea, ataitengeneza kwa uzi mweusi, mgumu zaidi, maana ule wa mahindi ukiachwa ndani ya gari juani unalegea.

"Kama Mzaramo aliyepewa jembe," nikasema.

Wateja wawili waliokuwa wanasubiri redio yao wakashangilia. Hapo nilikuwa nimevimba kichwa, nakubali, na gia ilipotoka mfukoni sikuitazama. Yeye aliitazama. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza kwa upole sana kama nina hakika hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa, maana anaweza kurekebisha kwenye kompyuta. Nikamwambia yale meno nimeyaumba mimi, asinifundishe. "Nakili kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Kama ilivyo?"

"Kama ilivyo, mtani."

Akaiweka kwenye kisahani kinachozunguka, akaimulika pande zote kwa kifaa chenye mwanga, na gia yangu ikaibuka kwenye kompyuta, ndogo, ya kijivu, inazunguka yenyewe. Printa ikaanza. Ilikuwa inaimba, nakwambia kweli, kijipua kinakwenda huku na huku kama mfumaji mwenye haraka. Nikatazama tabaka za mwanzo zikilala, bapa na nyororo kama chapati, kisha njaa ikanishinda nikaenda kula wali maharage ng'ambo ya barabara. Niliporudi gia ilikuwa tayari mezani na kile kiduka kimejaa. Sijui nani aliwaita.

Meno yote yalikuwepo. Lakini yale matatu ya kwangu yalikuwa yamelala upande mmoja kama walevi, na katikati yao palikuwa na shimo la mviringo. Nikaweka kidole gumba. Kikaingia sawasawa.

Jua, shati, pikipiki, na mkono uliokuwa unaipapasa nta njia nzima kuona kama bado ipo. Printa ilikuwa imeniprintia dole gumba.

"Mashine yangu haina adabu ya kukisia," mtani akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Ukiipa nta inakupa nta. Babu zako walifikisha pembe za ndovu zikiwa nzima toka huku hadi pwani, wewe umeshindwa kufikisha meno matatu toka Kipalapala."

Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote, kwa sababu mtu akikucheka nawe ukicheka zaidi, kicheko kinakuwa chako. Mtu mmoja alitaka kupiga picha na ile gia. Nikamruhusu. Akaniuliza kama nimeshangaa. Nikasema nimefurahi, ni vitu viwili tofauti.

Mtani akafuta ile picha ya kwenye kompyuta, akapima jino moja zima kwa kipimo chake cha chuma, akalichora safi, kisha akaiambia kompyuta ilirudie jino hilohilo kuzunguka duara lote. Gia yote inazaliwa na jino moja lililo sahihi. Akasema niende nyumbani, uzi mweusi unataka mwendo wa polepole, yeye ataileta mwenyewe, kwa sababu kuna faini anaifuatilia.

Ijumaa asubuhi akafika uani kwangu na gia mbili, ile nyeusi na ile ya dole gumba. Akina mama wa Ulyankulu walikuwa wamekaa kwenye mkeka karibu na fremu zao, wakiongea Kirundi chao taratibu. Nikaichukua gia nyeusi, nikampa kiongozi wao aishike. Akaipima kwa kiganja. Akaitazama kwa muda.

"Baba, mbona nyepesi? Hii ndani si tupu?"

Akina mama wakasogea kuitazama. Niliielewa hofu yao, maana iliniingia na mimi. Gia tupu itavunjika, na ikivunjika leo, kesho Jumamosi wanarudi na fremu zilizojaa, na nyuki wanaondoka. Nikaanza kueleza habari za vitunguu na chungu cha bibi. Maneno yangu hayakuwa na meno.

Mtani hakubishana. Aliomba panga. Akaiweka ile gia nyeupe ya dole gumba juu ya gogo, akaipiga mara moja katikati, akanipa nusu mimi, nusu akampa yule mama.

Nikatazama ndani.

Yalikuwa masega. Nisikilize: ndani ya gia, chini ya ile ngozi nyororo niliyoiona ikilala kama chapati, kulikuwa na vyumba, kuta nyembamba, pembe sita kila kimoja, vimeshikana chumba kwa chumba mpaka ukingoni. Hakuna aliyeniambia. Zaidi ya miaka ishirini natia mkono mizingani, na nyuki ndivyo wanavyojenga, nta kidogo nguvu nyingi, na mashine ya stesheni inayokula mahindi ilikuwa imejenga vilevile, hata kwenye gia niliyoiharibu mwenyewe. Mtani alikuwa anaeleza kwamba kujaza ndani kote ni kupoteza uzi na muda, kwamba vyumba vya pembe sita vinabeba mzigo vizuri, na kwamba katika ile nyeusi amevibananisha zaidi na kuta amezifanya nene. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, sikumbuki kukaa.

Yule mama akapitisha kidole kwenye vile vyumba. Akawaambia wenzake jambo kwa Kirundi, wakacheka wote pamoja. Kisha akanigeukia.

"Hii haivunjiki," akasema. "Nyuki wenyewe ndivyo wanavyojenga, na asali kilo ngapi inaning'inia."

Mtani alikuwa amekwishanyoosha kiganja. Nikapata sauti, nikamwambia asijisumbue, sikushangaa, nilikuwa napumzika. Akamwomba yule mama awe shahidi.

Mama akanitazama kwa huruma. "Tangu tumjue baba huyu," akasema na ile sauti yake ndogo, "hajawahi kunyamaza. Leo amenyamaza."

Hukumu ya namna hiyo haikatiwi rufaa. Uani palilipuka. Mtani alicheza ngoma ya kwao kuzunguka pipa langu, akina mama wakapiga makofi, nami nikafunga gia nyeusi huku nikicheka. Nikawasha mota. Pipa likazunguka, laini, bila kraa, na baada ya muda uzi wa kwanza wa asali ukatoka chini, mwembamba, ukajikunja ndani ya ndoo tabaka juu ya tabaka, na mimi na mtani tukatazamana.

Jumamosi lori la Ulyankulu liliondoka na fremu zote, tupu na safi, kama nilivyosema. Mimi nikisema nimesema. Ile nusu gia yenye dole gumba ninayo kabatini, wageni naionyesha kabla ya chai.

Kuhusu malipo, nitayataja kwa sababu mtu aliyejitengeneza mwenyewe haogopi hesabu. Gia nyeupe elfu sita, gia nyeusi elfu ishirini na mbili, faini ya mshangao elfu kumi, na mia tano ya mfuko aliobebea, kwa maelezo kwamba kwa Mnyamwezi mzigo hauendi bure. Shilingi elfu thelathini na nane na mia tano.