Spika Niliyoichagua

Nimewaficha wanangu kwamba masikio yangu hayasikii tena. Nasoma midomo tu.

Leo binti yangu Mwanaidi alivuka feri kutoka Kisauni, akaja kwangu Bofu na spika mbili za kucheza muziki kwa intaneti ya nyumbani. Alitaka nichague moja.

Akawasha ya kwanza. Nikayumbisha kichwa taratibu, kama mtu aliyekolewa na wimbo.

Akashika ya pili. Nikafumba macho kabisa.

"Hii ndiyo," nikasema. "Ina sauti nzito, tena tamu."

Nilipofumbua macho, alikuwa akicheka.

"Baba wewe, hiyo sijaiwasha. Nilikuwa naitoa nailoni."

Chekeni nanyi, si vibaya.

Nikamwambia namtania, naitaka ya kwanza. Akaamini, wallahi. Akaniachia ile ya kwanza, akanibusu mkono, akaondoka kabla ya adhuhuri.

Sasa imekaa mezani, taa yake inawaka. Sijui inaimba nini.

Siku zangu zimebaki chache, na uongo huu sitaki kwenda nao kaburini. Muziki niliuomba mwenyewe. Nilidhani kuchagua kungemchukua kutwa nzima, nami nilitaka akae.