Gurudumu la Ndege Chini ya Lori

Fundi wa ndege ndogo aliniletea gurudumu kwenye kibanda changu cha pancha, Mkuyuni. Upepo alishautoa, lakini tairi lilikuwa limeng'ang'ania ringi. Nikalilaza chini ya lori la mteja, nikasimamisha jeki juu yake, nikapandisha mpaka uzito wa lori ukalibandua kwenye ukingo wa ringi. Kulitoa sasa! Nikachokonoa kwa vyuma, nikatukana, nikalirukia kwa miguu. Wapi!

Yule fundi wa ndege akainama, akafungua bolti tatu nilizodhani ni za kufungia kwenye ndege. Ringi ikaachana vipande viwili. Nikajua nimeivunja kwa kuirukia!

Kumbe ndivyo ilivyoundwa. Nikafoka, mbona hakusema mapema?

“Nilidhani unajua,” akanijibu. “Ulikuwa unatukana kama mtu anayejua.”