Siku Niliyokunywa Glasi za Wageni Wote

Mkiniona siku hizi nikipita kandokando ya njia ya kanisa, kichwa chini kama mtu aliyeangusha kifungo, msiniulize kitu, kwa sababu hata wale ambao hawakuwepo wanaijua habari yangu na wanaisimulia vizuri kuliko mimi, tena wanaongeza na nyimbo ambazo sikuziimba (nyingine niliimba, sitakataa). Nimechoka kuisikia kwa midomo ya wengine. Afadhali niiseme mwenyewe mara moja, yote, halafu nipumzike.

Mimi natembeza wageni huku kwetu Masisi, kwenye milima ya upande wa Muheto. Hakuna aliyenifundisha kazi hii, nilijifundisha kwa kuuliza wazee na kuangalia video kwenye simu, na kwa kuwa sikupewa cheti na mtu yeyote naishi na woga kwamba siku moja mgeni ataniuliza swali dogo nami nitakosa jibu, basi nakariri kila kitu, nasema peke yangu nikipalilia maharagwe, nikikosea neno moja naanza upya tangu mwanzo. Vitu vya kuona si vingi. Kuna kengele ya kanisa la zamani, kuna nyumba ya mawe ya mzungu aliyelima kwinini (paa lilishakwenda, sasa wanalala mbuzi), kuna nyumba ya fromaji ambako maziwa ya ng'ombe wa milimani yanageuzwa kuwa jibini, na kuna kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo kwa kusema kweli ndiyo inayowaleta watu, hayo mengine wanayaangalia wakiisubiri.

Kasiksi hiyo inatoka kwa Mama mukubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea. Anazika ndizi zake zikaiva kwa moshi, anazikamua kwa majani, anatia unga wa mtama uliokaangwa, anafunika na kungoja, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha na kutusomesha miaka yote. Nami, niliyelelewa na pombe, sikuwahi kuionja. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, na kiongozi wetu hapendi kabisa mambo hayo.

Wageni wanakuja njia ikitulia, ikiharibika hawaji, nasi tunarudi kwenye maharagwe. Mara hii kulikuwa kumetulia. Lilikuja gari moja limejaa wana wa mlima huu huu ambao wazazi wao walihamia Goma wakiwa wadogo, na wengine Mubi, kule Walikale. Walitaka kuona walikotoka. Mkubwa wao alikuwa Papa Bahati, mfanyabiashara wa Mubi, mtu mnene mwenye sauti ya chini ambaye ukimwambia jambo anakuangalia kwanza, halafu anatikisa kichwa taratibu, na wewe hujui kama amekubali au amekuhurumia. Nilisikia kwamba wakiridhika wataleta ndugu zao wote. Basi usiku kucha sikulala, na asubuhi hata kiazi kimoja hakikupita kooni.

Sasa, uamuzi wenyewe, ule mdogo. Nilikuwa nimeona video ya wazungu katika nchi yao ya mvinyo. Wageni wanaingia, wanakuta meza ina kitambaa cheupe, glasi zimepangwa mstari mmoja, zote zimeshamiminwa kwa kiasi kilekile, hakuna anayekimbia huku na huku na kibuyu. Nikaipenda ile meza mpaka nikaiota. Nikaazima glasi, nikaazima kitambaa, nikakipiga pasi mara mbili, nikamwambia Mama mukubwa kwamba leo yeye akae jikoni apumzike, kila kitu nitamimina mimi kabla hawajafika.

Akaweka kibuyu chini.

“Aline,” akasema, “unamwanga pombe na bageni habaone?”

Nikamwambia hawa ni batu ba muji, banajua mambo ya kisasa.

“Batu ba muji banazaliwaka wapi?” akauliza, na kwa kuwa alikuwa amechoka na mimi nilikuwa nimeshakunja uso, akaniachia.

Lazima niwaeleze hapa, maana mwingine anaweza kusema ni adabu tu. Kwetu pombe inachotwa mbele ya macho yako. Mwenye pombe anachota kwa kibuyu, anakunywa yeye kwanza, anameza ukimwona, ndipo anakupa wewe. Watu wanaogopa sumu, na hofu hiyo haina haja ya ushahidi. Mama mmoja wa mlima wa pili, aliyekuwa akiuza pombe kama sisi, wageni wake waliwahi kuondoka wakaacha vikombe vimejaa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyetamka neno. Waliacha tu kupita kwake, na mpaka leo analima mihogo. Haya yote niliyajua tangu utoto. Niliyajua kama ninavyolijua jina langu, na bado meza ya video ilinishinda.

Asubuhi ilianza vizuri. Kwenye kengele sikukosa hata neno. Kwenye nyumba ya mawe nikasema ina madirisha nane, na wakati wanapiga picha nikahesabu (sijui kwa nini nilihesabu, ni ugonjwa) nikakuta saba. Sikusahihisha. Nikasema nikisahihisha wataona sijui kitu, na lile dirisha moja likaanza kunitafuna ndani. Nikawaacha na picha zao, nikakimbia mbele kwa Mama mukubwa, nikamimina glasi zote kwa kiasi kilekile, nikainama kuangalia kwa jicho moja kama mistari inalingana, nikafunika kwa kitambaa kingine kuzuia nzi. Walipofika nikakivuta kile kitambaa kwa mkono mmoja, kama kwenye video.

Hakuna aliyesogea.

Papa Bahati aliangalia glasi, akaniangalia mimi, akaangalia mlango wa jikoni.

“Dada, hii pombe inatoka wapi?”

“Kwa Mama mukubwa wangu, Papa.”

“Hapana. Nauliza nani aliiona ikitoka.”

Nikanyoosha pembe ya kitambaa, ingawa ilikuwa imenyooka. Papa Bahati akasema kwa upole kwamba wamekunywa maji kwenye gari, hawana kiu. Mama Devota, bibi mmoja wa Goma aliyevaa kitenge cha kijani, akakumbuka kwamba yuko na presio, damu yake inapanda. Mwingine alikuwa na dawa za jino, mwingine ameahidi Mungu, na nilivyosikia zile sababu zikifuatana, kila moja laini kuliko iliyotangulia, nikajua neno lenyewe limeshaingia uani ingawa hakuna aliyelisema. Mama mukubwa akatoka jikoni na kibuyu akataka kuwachotea upya mbele yao. Papa Bahati akainamisha kichwa.

“Asante sana Mama. Siku ingine.”

Ndipo nikaona uso wa Mama mukubwa. Hakukasirika. Alisimama tu akishika kile kibuyu kwa mikono miwili, kama mtu aliyefika na zawadi mahali ambapo harusi imeshavunjika, nami nikamwona analima mihogo. Kuchota upya kusingesaidia kitu, glasi ndizo zilizokuwa na mashaka, na glasi nilizimimina mimi.

“Papa, angalia,” nikasema, nikachukua glasi yake nikainywa.

Mtu mwingine angeonja kidogo. Mimi niliwaza kwamba nikiacha tone mtu atasema sumu ilikuwa kwenye tone, basi nikaimaliza yote. Mama Devota akasukuma glasi yake kwa kidole kimoja.

“Na hii yangu?”

Nikainywa. Halafu ya mwenye jino. Halafu ya mwenye ahadi. Niliimaliza meza nzima kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, kila glasi nikiirudisha mahali pake (ndiyo, mpaka hapo bado nilikuwa nazipanga mstari). Ilikuwa tamu, haichomi, nikashangaa watu wanaogopa nini. Papa Bahati akatikisa kichwa chake taratibu, akasema vizuri, waende kwanza waone fromaji, wakirudi wataona. Nilielewa maana yake. Walitaka kungoja waone kama nitakufa.

Nyumba ya fromaji iko chini tu ya uwanja wetu, mwenyewe alikuwa ametuachia mlango wazi. Nikawatangulia, na katikati ya mteremko miguu yangu ikaanza kufika kabla yangu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nikiyumba, wataona sumu inafanya kazi. Nikianguka, Mama mukubwa amekwisha. Basi nikatembea kama mtu aliyebeba mtungi, nikaingia, nikashika ukuta, nikaanza kueleza maziwa yanavyogandishwa, na nilisikia mwenyewe kwamba naeleza kwa kuimba, kwa sauti ya pili, ile ninayoimba kwenye kwaya.

“Angalia macho yake,” Mama Devota akamnong'oneza mwenzake. “Imeanza.”

Papa Bahati akaja karibu akaniuliza kama tumbo inaniuma. Nikasema haiumi hata kidogo, nikataka kumwonyesha rafu za juu zenye jibini lililokomaa, nikainua mkono, mkono ukaenda na mwili ukaufuata, nikakaa. Nilikaa ndani ya ndoo ya maji ya maziwa. Sikuanguka, nawaomba mlikumbuke hilo, nilikaa, lakini ndoo ilikuwa ndogo na sikuweza kutoka.

Nje nikasikia mtu anaita dereva, wanipeleke hospitali haraka, huyu mutoto amelishwa kitu. Sasa lilikuwa limesemwa. Na Mama mukubwa alikuwa amesimama mlangoni, amelisikia.

Hakubisha. Alikuwa amejitwisha mtungi wenyewe, akautua pale sakafuni kati ya jibini na watu, akachota, akanywa kibuyu kizima polepole, kila mtu akiona koo lake linavyopanda na kushuka. Akajifuta mdomo.

“Huyu mutoto hajaonjaka pombe tangu nimulee,” akasema. “Na leo hajakula. Iko amelewa. Mukitaka kungoja afe, mungoje, mimi niko hapa.”

Papa Bahati akainama juu ya ndoo yangu anuse pumzi yangu, nami nikanusa jasho lake, na nilipoona ule uso mkubwa mbele yangu nikakumbuka jambo moja tu katika dunia nzima, nikamshika ukosi wa shati.

“Papa, munisamehe,” nikalia. “Ile nyumba ya mawe iko na madirisha saba. Nilisema munane. Nilihesabu nikanyamaza.”

Alibaki ameinama vile vile. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

“Mama Devota,” akasema, “ulishaona muntu wa sumu anahesabu madirisha?”

Mama Devota akasema yeye hajaona. Papa Bahati akanyoosha mikono yote miwili kwa Mama mukubwa, akapokea kibuyu, akanywa, akampa Mama Devota (ile presio ilipona papo hapo), na kikazunguka nyumba nzima mpaka nikasikia kibuyu kinakwaruza chini ya mtungi. Walikunywa wakiwa wamenizunguka, mimi nikiwa kwenye ndoo nikiwasahihisha urefu wa kengele.

Jina la Mama mukubwa lilipona. Langu lilishuka mlima juu ya chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea magunia, kwa sababu Papa Bahati alitaka nikaonwe hospitali hata hivyo, na dereva alikataa nguo zangu za maziwa zisiingie garini. Nilifungwa kwa kitenge cha kijani ili nisidondoke, mwenye chukudu akapita njia ya kanisa maana ndiyo yenye mteremko mzuri, na ilikuwa saa ya mazoezi ya kwaya. Wimbo ulikuwa katikati. Ukakatika. Mimi, kwa kuwa nilisikia hauna sauti ya pili, nikaumalizia.

Asubuhi yake nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuomba msamaha, nimeyapanga kichwani yana mwanzo na mwisho. Mama mukubwa aliweka uji mbele yangu.

“Usipange maneno,” akasema. “Kunywa.” Nikanywa. Akakaa kwenye kigoda akimenya ndizi bila kuniangalia. “Kama bangerudi Goma na glasi zimejaa, ndizi zangu ningewapa mbuzi. Unajua ile?”

Nikasema najua. Nilikaa na uji uliobaki mpaka ukapoa, kwa sababu ni kweli nilijua, tangu mwanzo nilijua, na ujuzi wangu wote ulikuwa umekaa tu pembeni unaangalia nikipiga kitambaa pasi.

Kwenye kwaya nimeambiwa nipumzike kidogo, hawakusema mpaka lini. Papa Bahati ameshaleta kikundi kingine, lakini alipiga simu kwa Mama mukubwa, si kwangu, akauliza kama yule dada wa madirisha atakuwepo, na kama atakuwepo basi mikono yake ionekane. Iko inaonekana. Mama mukubwa anachota, anakunywa kwanza, mimi nasimama karibu na mlango nikiwa nimeikunja mbele ya kifua. Na nimeapa, si kwa sauti, kwamba sitammiminia mtu kitu ambacho hakukiona kikitoka, hata kama meza itaonekana mbaya, hata kama video zote za dunia zinasema vingine. Hata maji. Wageni wakitaka maji nayachota mbele yao, nakunywa kwanza, nameza wakiniona, na ninamshukuru Mungu kwamba maji hayalevyi.