Dakika Tano za Mama Funguo

Waheshimiwa wamekuja na kuondoka, wengine hata sura zao zimeshasahaulika, lakini mlango wa ukumbi wa bunge una mtu mmoja tu kwa miaka ishirini na tisa: Mama Funguo. Kura ikiitishwa, anabonyeza kitufe cha kengele dakika tano, waheshimiwa watoke chooni, kantini na wanakojua wenyewe, kisha anafunga mlango. Aliyebaki nje, kura yake imelala nje. Kitufe chenyewe ni kigumu, ukikiachia kengele inanyamaza. Kidole gumba chake kimepinda kwa ajili ya taifa, na hakuna aliyekivisha nishani.

Mwaka ule wabunge saba wa chama tawala walipatwa na wazimu. Walileta mswada: kila mkataba wa serikali ubandikwe hadharani, mwananchi ausome, na akiomba faili linalomhusu apewe. Aliyewaongoza alikuwa nesi kabla ya siasa, amezoea kufunua vidonda. Wakubwa wa chama wakanuna. Uwazi walikuwa wameuhubiri kila uchaguzi mpaka sauti zikawakauka. Hawakudhani kuna mtu angewasikiliza.

Asubuhi ya kura akaja Mnadhimu wa chama, yule mwenye kazi ya kuwaswaga wenzake wapige kura walivyoagizwa. Tumbo lilitangulia, manukato yakafuata.

"Shikamoo, mama yangu."

Tangu achaguliwe hajawahi kumwamkia. "Marahaba. Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Sikiliza. Wale saba nitawaita ofisini kwangu, ghorofa ya tatu, tuongee kifamilia. Wewe leo piga kengele dakika moja, ufunge."

"Kanuni inasema tano."

"Kanuni umeisomea wapi na darasa la saba lako?"

"Darasa la saba letu lilitufundisha kuhesabu mpaka tano, mwanangu."

Mnadhimu akacheka kwa meno tu. "Getini wanatafuta mtu. Kule kusimama kutwa, juani, na miguu yako hiyo…"

Miguu ilikuwa imevimba kweli. Daktari alishamkataza kusimama, na kiti cha pale mlangoni, chini ya feni, ndicho kilichomwezesha kuingoja pensheni. Alikifikiria kiti kile mpaka alasiri, chai ikampoa mkononi.

Spika akaitisha kura. Mama Funguo akabonyeza. Dakika moja ikaisha. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama miguu yake. "Alaa! Nimewafungia mlango mawaziri wanaojua kunyoosha tai zao, huyu wa juzi ndiye anifundishe kazi?" Kidole kikabaki pale pale.

Huko juu, kama nesi alivyomsimulia baadaye, Mnadhimu na watiifu wake watatu walikuwa wamejiegemeza vitini. Ameshatoa amri, ya nini kutega sikio?

"Kunyweni chai tu, jamani. Mlango umeshafungwa."

"Umefungwa, na kengele inalia?" nesi akauliza.

Wakatoka mbio wote saba, nesi viatu mkononi. Mnadhimu akafuata na watiifu wake, lakini ngazi hazijui cheo cha mtu. Saba wakaingia. Saa ikatimia. Ufunguo ukazunguka.

"Mama! Fungua! Ni mimi!"

"Nakuona, mheshimiwa," alijibu kupitia kioo. "Tano zimeisha."

Mswada ukapita kwa tofauti ya kura tatu. Nje walibaki wanne, wanahema kama waliobeba magunia.

Jumatatu Mama Funguo akakabidhiwa barua ya kuhamia getini. Sababu haikuandikwa. Akasimama juani miezi minne, jioni mumewe akimkanda miguu kwa maji ya chumvi na kumtukana Mnadhimu kwa niaba yake. Sheria ilipoanza kazi, mtu wa kwanza kujaza fomu alikuwa yeye: anaomba kusoma faili la uhamisho wake.

Karani alilitafuta wiki mbili. Ndani mlikuwa na karatasi moja, saini ya Mnadhimu, na maneno mawili: "Hajui kazi."

Akaomba nakala, yenye muhuri. Akaitia fremu na kuitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aisome.