Ngazi Uliyoichora Ubaoni

Ipo siku moja ya usichana wangu, mwanangu Zuhura, ambayo nikiikumbuka damu hunichemka, na wiki hii umenifanya niikumbuke kutwa kucha. Kaa hapo. Chai utakunywa baadaye.

Nilikuwa nasoma sekondari hapa hapa Kilosa, binti wa mlimani niliyeshuka kutoka Vidunda na sanduku la bati na viatu vya kaka yangu. Wenzangu wa bondeni walinicheka nilivyoongea, wakanicheka nilivyokula. Hayo niliyazoea. Sikuyazoea aliyoyafanya mwalimu wetu wa baiolojia, kijana aliyekuwa ametoka chuoni majuzi tu, mtanashati, mpenda kuchekesha watu. Alichora ngazi ubaoni. Chini kabisa akaandika sifongo, yule mnyama wa majini anayekaa mahali pamoja, juu yake haidra, kijidudu cha majini chenye mikono kama nyuzi, kisha minyoo, samaki, chura, nyani, na kule juu akamweka mtu amevaa tai. Akasema sifongo hana mdomo, hana tumbo, hana ubongo, wenzake wote wameendelea yeye kabaki pale pale. Halafu akanitazama, akasema kumbe masifongo hata Vidunda wapo. Darasa zima likaangua kicheko.

Jioni ile nikafunga sanduku. Sikulia, maana hasira ilinikausha machozi. Niliamua kurudi mlimani nikalime maharage na mama, shule wabaki nayo wenyewe.

Asubuhi mkuu wa shule, Mwalimu Tekla, akanikuta bwenini nakaza kamba. Alikuwa mama mtu mzima, mwendo wake wa taratibu na maneno yake ya taratibu zaidi. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakunibembeleza hata kidogo. Alinishika mkono mpaka darasani, na kijana wetu alikuwa ndiyo anaanza kipindi, ngazi yake bado iko ubaoni. Mwalimu Tekla akamwomba radhi kwa kumkatiza, kwa sababu adabu hakuiacha hata alipokasirika, kisha akaifuta ile ngazi kwa kiganja chake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "huyu sifongo wako yuko hai leo?"

Akajibu ndiyo, yuko hai.

"Basi naye amekuwa akibadilika muda wote uliobadilika wewe. Huyu si babu yako. Ni ndugu yako, mliachana njia zamani sana."

Kijana akatazama chini. Sisi Mwalimu Tekla akatutoa nje, tukaenda kwenye madimbwi yanayoachwa na mto Mkondoa. Ilikuwa kiangazi, maji yamenywea. Unajua vile vijiti vyenye ukoko wa kijivu, vinavyowasha mikono? Hapa bondeni watu huukwangua ule ukoko kabla ya kuni kuingia jikoni, wanadhani ni uchafu wa mafuriko. Na sisi tulidhani hivyo. Mwalimu akaokota kimoja, akatuonyesha ndani ya ukoko punje ndogo kama za ulezi. Akasema huyo ndiye sifongo, maji yamemkimbia naye amejifungia ndani ya punje zake anangoja mvua. Akakitia kwenye chupa yenye maji, akanikabidhi mimi.

"Sanduku lako lifungue mpaka huyu aamke. Baada ya hapo nitakusindikiza kituoni mwenyewe."

Nikakaa kwa ubishi tu, nakwambia kweli. Wiki haijaisha vizuri, punje zikaanza kutoa utando mweupe, ukashika kwenye kijiti, ukatanuka. Mwalimu akadondosha wino kidogo kando yake, tukaona wino unavutwa ndani kwenye vitundu tusivyoviona na kutoka juu kwenye tundu moja. Hana mdomo, lakini anakula. Akanieleza kwamba sifongo huanza pia kwa yai, yai likagawanyika mbili, mbili zikawa nne, kama nilivyoanza mimi tumboni mwa mama yangu. Mtoto wake huogelea kwanza, halafu hutafuta mahali akatulia. Wataalamu hadi leo wanabishana kama ni yeye aliyetangulia kujitenga na sisi wengine, lakini kujitenga mapema si kubaki nyuma. Sanduku sikulifunga tena, nikasoma mpaka nikawa mwalimu wa baiolojia mwenyewe, nikakufundisha wewe.

Sasa nije kwako, mwanangu.

Juzi Mama Limi aliniletea maziwa. Unamjua, wale wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, boma lao liko njia ya Mikumi. Alinipimia, akasita mlangoni, akaniuliza, "Mama mwalimu, sifongo ni kitu gani?" Nikamwuliza kwa nini. Akasema Limi hataki kwenda shule tena, anasema mwalimu amesema yeye na wafugaji wenzake wako chini na sifongo. Mwalimu huyo ni wewe, lakini hakukulaumu. Alitaka kujua tu mwanawe amefananishwa na nini. Nilishindwa kumtazama usoni.

Ngazi ile ile, Zuhura! Ngazi niliyokufundisha mimi, kwa mdomo wangu, kwamba ni uongo. Wewe uliyekaa dawati la mbele, uliyeshika chupa ya sifongo kwa mikono yako! Ungekuwa hukujua ningekusamehe upesi. Umeiharibu elimu, ukamharibia na mtoto wa watu, ili darasa licheke dakika moja. Hasira yangu haijaisha, na wala siifichi.

Nasaha yangu ni hii. Usimpange kiumbe yeyote aliye hai juu ya mwenzake kama vyombo kabatini, awe sifongo, awe binadamu. Kila aliyepo leo amefika leo kwa njia yake. Na ukiwa na chaki mkononi, jua kwamba neno lako mtoto hulibeba mpaka nyumbani.

Kunywa chai yako, kisha panda bodaboda uende bomani leo hii. Waamkie wazee kabla hujaketi. Mwombe Limi radhi mbele ya mama yake. Ile chupa pale dirishani ina kijiti cha Mkondoa, nimekitia maji jana. Mkabidhi yeye, umwambie darasa linamngoja ailete.

Mungu akulainishie ulimi, akupe wanafunzi wengi, na wote warudi kwako kila asubuhi. Na Mama Limi akikuuliza sifongo ni kitu gani, mjibu kwa heshima, ni ndugu yetu, mimi na wewe.