Zamu ya Wifi Kupika Tofi

Watu wote walimwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri, hata mchungaji. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi katika duka la dobi, amesimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Alisogeza kidole karibu na uso wa pasi, bila kuugusa, akajua kama moto ule unafaa hariri au unafaa jinzi. Ujuzi huo wa moto aliupeleka jikoni, na jikoni ulimzalia kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni tofi.

Vyakula vingine alivipika kama watu wengine wanavyopika, vikaliwa, vikasahaulika. Tofi yake ilikuwa habari nyingine. Sukari, maji kidogo, siagi, maziwa, chumvi ya kunyunyiza kwa ncha za vidole, basi. Aliichemsha Jumamosi alasiri, akaimwaga kwenye sinia lililopakwa siagi, akaiacha ipoe. Siku ya pili, baada ya ibada, aliibeba kwa mama yake, ambako familia ilikutana kila Jumapili: mama mwenyewe, mdogo wake wa kiume ambaye ni fundi umeme, mke wa huyo mdogo wake, na watoto wao wanne. Tofi ile ilikuwa ngumu, inang'aa, inavunjwa kwa mpini wa kisu, na kipande kimoja kilidumu mdomoni mpaka mtu amalize kusimulia habari zake za wiki nzima.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Aliyeleta kitamu ndiye aliyetoa neno. Kabla kitambaa cha sinia hakijafunuliwa, alisimama akasema jambo moja ambalo Mungu alimfundisha juma hilo, akaomba, ndipo watu wakala. Desturi hiyo aliianzisha marehemu baba yao, aliyeamini kwamba watoto husikiliza vizuri wakiwa wameona sinia. Tangu baba afariki, sinia lilikuwa la Dada Mkubwa, na neno lilikuwa lake. Hakujaliwa mtoto, na mume aliyekuwa naye aliondoka zamani bila hata kugombana. Juma zima alinyoosha nguo za familia za watu, shati la baba, gauni la mama, vikaptula vya watoto, akazikunja na kuzikabidhi. Jumapili, kwa dakika kumi, watoto wanne wa mdogo wake walimkodolea macho yeye peke yake. Dakika kumi hizo ndizo zilizombeba mpaka Jumapili nyingine.

Sasa tumfikie wifi yake, huyo mke wa fundi umeme. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mcheshi, mwepesi wa kusamehe, na tuseme ukweli, alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililomkera Dada Mkubwa kupita yote. Mtu mbaya ukimchukia unapata walau kaburudisho, lakini mtu mwema ukimchukia unabaki na chuki yako mikononi, hujui uiweke wapi.

Balaa lilianza na mafua. Jumapili moja Dada Mkubwa alifika na sinia lake lakini sauti imekauka, na mama akamwomba mkwe wake atoe neno badala yake. Wifi akasimama na kusimulia juu ya mtoto mmoja darasani kwake, aliyefundishwa kufunga kamba za viatu siku tano mfululizo na siku ya sita akaja na viatu vya mwenzake. Alieleza jinsi alivyokaribia kumfokea, kisha akakumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe amerudi mbele za Mungu na kosa lile lile, na Mungu akaanza naye upya kwenye fundo la kwanza. Watoto walicheka mpaka wakaegemeana. Mama alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Dada Mkubwa, ambaye neno lake siku zote lilihusu utii na kuwahi ibada, alipangusa pua yake nyekundu, na mate aliyomeza yalikuwa machungu.

Kabla ya kuagana, mama akasema, "Jumapili ijayo mpe mwenzako zamu, mwanangu. Atengeneze tofi, na neno atoe yeye."

Dada Mkubwa aliitikia vizuri tu. Hata alitabasamu. Lakini njia nzima ya kurudi kwake roho ilimuuma kama jino bovu, na usiku huo na siku zilizofuata alifanya hesabu ile ile ya kijicho. Wifi ana mume. Wifi ana watoto wanne. Wifi ana darasa zima la watoto wengine wanaomkimbilia asubuhi. Sasa anataka na sinia. Hakuwa amelitaka, alipewa, lakini wivu hausikilizi maelezo madogo madogo kama hayo.

Alhamisi wifi akaja dukani kwa dobi na daftari, akamkuta katikati ya mvuke na milima ya mashuka, akaomba afundishwe hatua kwa hatua kwa sababu anaogopa kumwaibisha. Dada Mkubwa alimtajia vipimo vyote sawasawa. Lakini tofi ina siri moja, na mwenye kuijua alikuwa yeye tu. Sukari ikishaanza kuchemka, mwiko hauingii tena. Unaizungusha sufuria kwa mkono, taratibu, na ukishaepua unamwaga hapo hapo bila kuichokonoa. Ukikoroga, sukari inarudi kuwa chengachenga, na tofi inakuwa kama chaki. Wifi akauliza, kalamu mkononi, kama akoroge au asikoroge.

"Koroga," alisema Dada Mkubwa, macho yake yakiwa kwenye kola aliyokuwa akiipiga pasi. "Usiache kukoroga. Hata ukishaepua, endelea mpaka mkono uchoke."

Wifi akaandika, akapiga mstari chini ya maneno hayo, akashukuru. Alipotoka, Dada Mkubwa alinusa kitu, akanyanyua pasi, akakuta alama ya hudhurungi kwenye kola ile nyeupe. Ilikuwa ya kwanza katika miaka kumi na tisa, na alilia kidogo, akijiambia analilia kola.

Kuomba hakukuwezekana. Alipiga magoti Alhamisi na Ijumaa, na kila alipofumba macho aliiona kalamu ya wifi ikipiga ule mstari. Alijitetea mbele za Mungu kwamba si uongo mkubwa, ni mapishi tu, hakuna atakayekufa. Jumamosi hakujaribu kuomba. Alichungulia dirishani, akawaza wifi anakoroga, na aibu ya kuona furaha ndani ya wazo hilo haikuiondoa furaha yenyewe.

Jumapili wifi alifika na sinia limefunikwa, uso umemshuka. Alisimama mbele ya watu, akashika ncha ya kitambaa, akasema neno lake ni fupi. Alisema juma hili alijifunza kwamba kufundishwa na mtu ni kupewa sehemu ya maisha yake, na kwamba wifi yake alikuwa amesimama tangu alfajiri kwenye joto la pasi, lakini alimfundisha bila haraka.

"Kwa hiyo ikiwa imeharibika," alimalizia, "jueni ni mkono wangu. Wifi alinielekeza vizuri, nikoroge bila kuacha."

Akaomba, akafunua. Tofi ilikuwa nyeupe kiasi, imefifia, pembeni imemeguka yenyewe. Mtoto mkubwa alimtazama mdogo wake. Fundi umeme alikohoa kikohozi cha mume anayetafuta la kusema. Dada Mkubwa alikuwa ameingojea dakika hii siku tatu, na ilipofika aliona aibu kuitazama.

Mama akanyoosha mkono akachukua kipande. Kilimeguka vidoleni, akakitia mdomoni, akafumba macho. Akachukua cha pili. Alipochukua cha tatu, mwanawe wa kiume alimuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," alisema mama. "Nakula tofi. Miaka miwili sijala tofi."

Watu hawakuelewa, ikabidi aeleze. Magego yake yalikuwa yamekwisha. Ile tofi ngumu ya kila Jumapili aliipachika shavuni, akaitikia mazungumzo, na watu walipogeuka aliitoa akaifunga kwenye leso. Hakutaka kumvunja moyo binti yake. Hii ya leo ilikuwa inayeyuka yenyewe juu ya ulimi, hata asingekuwa na jino hata moja.

Kisha akamgeukia Dada Mkubwa, uso umeng'aa. "Kumbe uliniona, mwanangu. Ukamwambia akoroge ili ilainike."

Fundi umeme akasema ndiyo maana dada yake ni dada yake, hakuna kinachompita. Watoto wakamwangalia, wote wanne, kwa macho yale yale ya Jumapili. Wifi naye alimtazama, ametulia sasa, karibu kucheka kwa ahueni. Kila kitu kilikuwa kimerudi mkononi mwa Dada Mkubwa, sinia, heshima na mama, na bei yake ilikuwa kunyamaza tu. Alinyamaza. Alihesabu pumzi tatu au nne katika kimya hicho, na ulikuwa utamu ambao hajawahi kuupika.

"Sikukuona, mama," alisema hatimaye. "Nilimdanganya. Nilimwambia akoroge ili iharibike."

Wifi akamgeukia. Hakufoka. Aliuliza kwa sauti anayowaulizia watoto wake wa chekechea, kwa nini.

"Kwa sababu wewe una mume na una watoto," alisema Dada Mkubwa, "na mama akikusikiliza anafuta machozi. Mimi nilikuwa na sinia."

Alidhani atafukuzwa, au ataombewa, na hakujua lipi lingekuwa baya zaidi. Wifi alibaki amesimama, macho yamemjaa, hasira na huruma zikigombania uso wake. Mwishowe aliinama, akachagua kipande kikubwa, akamwekea kiganjani na kumfunga vidole juu yake, kwa nguvu kiasi cha kuumiza.

Dada Mkubwa akala. Ilikuwa tamu, tamu kuliko yake, na alijua hivyo tangu ilipogusa ulimi. Wivu ukamkata tena palepale, mbele ya wote, toba yake bado haijapoa. Akameza, akanyoosha mkono, akaomba kipande kingine.