Pengo Katika Wimbo wa Sikukuu

Mchana alikuwa fundi wa mabomba, jioni mpiga saksafoni, kwa hiyo watu wakamwita Bomba na mambo yakaishia hapo. "Yote ni mabomba," alipenda kusema. "Ila hili likivuja, watu wanacheza."

Bendi yake ilipiga jazi, na kila mwisho wa mwaka ilichukua nyimbo kongwe za sikukuu, zile ambazo kila mtu alizinyonya pamoja na maziwa, ikazipindua kichwa chini miguu juu. Vijana walishangilia. Wazee walisonya. Mama yake Bomba, mjane aliyelea watoto wawili kwa cherehani ya miguu, hakuishia kusonya.

"Wimbo wa sikukuu ni nguo iliyokwisha kushonwa," alimwambia. "Wewe kazi yako kufumua tu. Mimi huko ukumbini siendi, nisije nikafa kwa aibu."

"Njoo usikie kwanza, Mama."

"Nimeshasikia mkifanya mazoezi. Kelele tupu!"

Maneno hayo yalimkata maini. Jitu zima, lina mke na mvi za kidevuni, lakini ndiyo hivyo, mwana hakui kwa nina. Alitaka Mama akae kiti cha mbele, japo mara moja, asimwonee haya.

Tena alikuwa na balaa lake jingine. Katika wimbo mkongwe kuliko zote, akimaliza mstari wa pili alinyamaza kidogo, ndipo aingie wa tatu. Mpiga dramu alikaribia kulia.

"Kaka, hapo hakuna pengo! Tangu enzi za mababu watu wanaunganisha."

"Lipo. Mimi nimelikuta."

Amelikuta wapi, hakujua. Alijaribu kuliziba, wimbo ukamkwama kooni. Wenzake wakachoka kubishana, wakamwachia.

Siku ya sikukuu dada yake alimfikisha Mama ukumbini kwa hila, eti wanapita kumjulia hali shangazi. Bomba alipomwona kiti cha mbele, mkoba mapajani, uso ameukunja, nusura ashuke jukwaani. Akapiga hivyo hivyo. Mstari wa kwanza aliuzungusha huku na huku hadi Mama akaanza kuangalia mlango. Wa pili akaushusha polepole. Kisha akanyamaza.

Katika kimya kile Mama aliinamisha kichwa upande, akauma hewa kwa meno ya mbele, akavuta mkono. Alifanya bila kujua, kisha akashtuka na kuutazama mkono wake. Mpaka wimbo ukaisha hakuangalia tena mlango.

Makofi yalipotulia, alijikokota hadi jukwaani.

"Nani kakufundisha kuacha pale?"

"Hakuna, Mama. Si ndivyo wimbo ulivyo?"

"Sivyo ulivyo." Aliutazama tena mkono wake. "Pale nilikuwa nakata uzi, mwanangu."

Bomba akakumbuka sakafu aliyokuwa akichezea utotoni, vipande vya vitambaa, miguu ya mama yake ikikanyaga cherehani, na sauti yake juu ikiimba huku akishona nguo za sikukuu za watoto wa watu. Chozi likamtoka mbele ya ukumbi mzima, wala hakulifuta.

Mama akavuta kiti, akakaa palepale chini ya jukwaa.

"Haya, rudia," alisema. "Na mwambie huyo wa ngoma asinikimbize. Asubiri nimalize kukata."